Bi Kishindo, Aliyeanguka kwa Hiari Yake

Picha iliyo kwenye jalada la ratiba hii aliichagua marehemu mwenyewe. Binti yake alikuwa ameshatafuta nyingine, ya mwaka 2014, ambamo mama amejifunika shali ya kijivu na ametulia kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari wa meno. Marehemu aliitazama, akairudisha. "Huyu nani?" aliuliza. Akaagiza iwekwe hii mnayoiona: jicho la kushoto limevimba, rangi ya zambarau, mdomo umepasuka kidogo, na anacheka mpaka magego yanaonekana. Ilipigwa tarehe 21 Juni 2017, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na nane na siku kumi na mbili. Jicho lile hakupigwa na mtu. Habari yake itafika mahali pake.

Marehemu, ambaye nyumbani aliitwa Mama na kwingine kote aliitwa Bi Kishindo, alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Juni 1949, katika chumba kimoja nyuma ya duka la mabati. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa fundi paa na mama yake mshona nguo. Tangu akiwa na miaka mitano alimfuata baba yake kazini, na alipofika minane alikuwa akipanda ngazi na mfuko wa misumari mdomoni. Siku moja aliteleza kwenye paa la ghala, akaporomoka, akatua kwenye rundo la mchanga. Baba yake alishuka mbio, moyo umemwenda mbio kuliko miguu. Alipofika chini alimkuta mtoto ameshaanza kupanda tena.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Nyundo imebaki juu, Baba."

Mzee yule aliisimulia habari hiyo mpaka mwisho wa maisha yake, na kila mara aliongeza kwamba mchanga ule haukuwa mwingi kihivyo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957 hadi 1963. Ripoti yake ya mwaka wa mwisho ingalipo kwenye kabati la nyumbani. Mwalimu wa darasa aliandika: "Kusoma anajua, hesabu anajua, mlango haujui." Alikuwa akitokea dirishani, na darasa lao lilikuwa ghorofa ya kwanza. Baadaye alijiunga na chuo cha ushonaji, akapata cheti chake Novemba 1966, wa pili katika wanafunzi ishirini na sita. Wa kwanza, ambaye yupo nasi hapa leo, anakiri kwamba marehemu alishindwa kwa sababu ya vifungo tu. Hakuwa na subira na vifungo.

Mwezi Machi 1967 aliajiriwa katika chumba cha mavazi cha kampuni moja ya filamu, akiwa na cherehani ya miguu na meza iliyotazama ukuta. Kwa miaka minne alishona nguo ambazo wengine walizivaa na kuzichana. Wakati ule, mwigizaji wa kike akitakiwa kuanguka, aliyeanguka kwa niaba yake alikuwa mwanamume aliyevalishwa gauni na wigi. Tarehe 2 Septemba 1971 palikuwa na tukio la bibi mmoja tajiri kudondoka kutoka roshani, mita nne. Mwanamume aliyepangiwa kazi hiyo alikataa kunyoa masharubu. Alisema wigi atavaa, gauni atavaa, lakini masharubu yake yasiguswe, maana alikuwa anakwenda kuposa Jumamosi. Mabishano yakachukua nusu siku. Marehemu, aliyekuwa amesimama pembeni na pini mdomoni, alizitema pini akasema, "Gauni nimelishona mimi, na linanienea mimi. Nionyesheni pa kurukia."

Aliruka. Nusu ya mwili iliangukia godoro, nusu nyingine ikaangukia mbao. Mnasa sauti alivua vidude vyake vya masikioni akauliza, "Kishindo gani hicho?" Jina likabaki hapo hapo.

Kwa miaka minane aliwaangukia wengine. Alianguka kwenye farasi, kwenye lori, kwenye madirisha ya vioo vya sukari, vile vya filamu visivyokata mtu, na mara moja, kwa makosa, kwenye dirisha la kioo chenyewe. Mgongo wake ulijulikana na kila aliyekwenda sinema, na uso wake haukujulikana na mtu. Mwaka 1979 ndipo alipopewa jina kwenye bango na adui wake mwenyewe wa kumpiga. Hadi mwaka 1994 alikuwa ameigiza katika filamu thelathini na saba. Alivunja mtulinga mara mbili, mbavu nne na kifundo cha mguu wa kushoto. Aliwafundisha vijana wasiopungua sitini namna ya kuanguka, na wote wanakumbuka alivyowapigia kelele: "Pumzi nje! Kidevu kifuani! Usiishike ardhi, inakuja yenyewe!"

Kazini ndipo alipokutana na mumewe, aliyekuwa fundi wa taa. Fundi Taa, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mpole asiyeweza kutazama mtu akiruka. Alikuwa akielekeza taa yake inapotakiwa, kisha yeye mwenyewe anageukia ukuta na kusubiri mlio. Akishausikia huuliza, bila kugeuka, "Mzima?" Marehemu hujibu, "Mzima." Siku moja mwanzoni mwa mwaka 1976 aliuliza na hakujibiwa, kwa kuwa marehemu alikuwa amekatika pumzi. Fundi Taa aliacha taa ya moto ikiyumba, akaruka nyaya zote, akamkuta amekaa kitako anatafuta kiatu. Akamwambia mbele ya wapiga picha wote, "Nimechoka kukuuliza swali hili mbele za watu. Nataka niwe nakuuliza nyumbani." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1976, wakakaa pamoja miaka thelathini na mitano, mpaka mume alipofariki Oktoba 2011. Walijaliwa watoto wawili: binti, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na mwana, ambaye ni fundi wa lifti. Marehemu alipenda kusema kwamba mtoto wa mwanamke aliyeporomoka kwenye ngazi maisha yake yote amefanya vizuri kuwatafutia watu njia nyingine ya kushuka.

Alipofika miaka arobaini na mitano simu ziliacha kulia. Wanaume aliopigana nao waliendelea kupigana, na wake zao kwenye filamu wakawa wasichana wa umri wa binti yake. Yeye aliletewa nafasi za mama anayelia mlangoni mtoto wake akienda vitani. Alizicheza nne. Alipoletewa ya tano alimrudishia mtayarishaji karatasi zake. "Machozi yamekwisha," alimwambia. "Miguu bado ipo. Ukiihitaji, unajua nyumbani." Akarudi kwenye cherehani, na kwa zaidi ya miaka ishirini alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Hakulalamika. Ila filamu ya zamani ikionyeshwa kwenye runinga, na mtu aliyeipa kamera mgongo akadondoka, alikuwa akisema kwa sauti, "Mimi huyo," hata kama chumbani hakuna mtu.

Simu ililia tena tarehe 11 Aprili 2017. Aliyepiga alikuwa mtayarishaji kijana wa kike. Alitaka kutengeneza filamu ya mapigano kwa kuwakusanya mastaa wa zamani watano: walinzi wastaafu wanaorudi kazini kumkomboa mwenzao aliyetekwa kwenye hoteli. Marehemu alimsikiliza akiwa na mkasi mkononi. "Wengine nani?" aliuliza. Alipotajiwa, akacheka. Wengine walikuwa akina Kifaru, aliyewahi kubeba mlango wa benki mgongoni mbele ya kamera, na Waziri, aliyeitwa hivyo kwa kuwa kila filamu aliigiza mtu mbaya mwenye suti, pamoja na waendesha pikipiki wawili ambao ni ndugu. Umri wao wote watano ukijumlishwa ulikuwa miaka mia tatu arobaini na mmoja.

Walikutana mara ya kwanza kuusoma mswada kwenye ukumbi uliokodiwa, viti vya plastiki, feni moja. Mwongozaji alikuwa na miaka thelathini na minne na alimwambia marehemu kwamba utotoni alivunja mkono akimuiga. "Ulisahau kutoa pumzi," marehemu akamjibu, wakapatana papo hapo. Wakasoma. Ukurasa wa sita, meno ya bandia ya Kifaru yanadondoka kwenye supu. Wakacheka. Ukurasa wa kumi na mbili, Waziri analala usingizi akiwa amemwelekezea mtu bastola. Wakacheka kidogo. Ukurasa wa ishirini, Bi Kishindo anaingia chumbani na bunduki, anasimama, anasahau alichokifuata. Hapo alicheka mpiga kamera peke yake.

Marehemu alifunua mbele. "Hapa ukurasa wa arobaini na moja," alisema, "pana vijana watano wamevaa nguo zetu. Hawa akina nani?"

Mwongozaji alijikuna shingo. "Hao ni wa kuwasaidia, Mama. Kwenye mapigano. Nyinyi tutawapiga picha za uso tu, halafu tunaunganisha."

"Mwanangu, mimi nimekuwa mgongo wa watu miaka minane. Hakuna anayeijua hiyo kazi hapa kuliko mimi. Sikuja kuwa uso wa mgongo wa mtu."

"Ni kwa usalama wenu, Mama. Kampuni ya bima..."

"Na meno kwenye supu? Hayo pia ni ya bima?"

Kifaru alipiga meza kumuunga mkono. Lakini Waziri, na yeye ndiye aliyeomba jambo hili lisifichwe leo, alikuwa upande wa pili. "Dada," alimwambia, "nyonga yangu ni ya chuma. Sikio moja limezima. Waache watoto waruke, sisi tukae kivulini tupigwe picha. Tumeshaanguka vya kutosha. Unataka kumwonyesha nani?"

"Sitaki kumwonyesha mtu kwamba mimi ni kijana," alijibu. "Nataka waone nina miaka sitini na saba na bado usinisogelee."

Aliomba siku moja ya majaribio, akapewa. Walikutana kwenye ghala tupu lililotandikwa mikeka ya mazoezi, pamoja na wale vijana watano. Siku ile ilianza vibaya. Kifaru, mwenye miaka sabini na miwili, alitaka kuwaonyesha ngumi yake ya zamani, ile ya kuruka na kugeuka hewani. Aliruka. Hakugeuka. Alitua kwa magoti, akabaki hapo, mikono imeshika mkeka, na hakuweza kuinuka. Vijana walitazama pembeni kwa heshima, jambo lililomuumiza kuliko magoti. Mwongozaji alianza kukunja karatasi zake.

Marehemu hakwenda kumwinua. Alikwenda akaketi chini kando yake, taratibu, magoti yakimlia kama kawaida yake.

"Umetaka kuwapiga kama ulivyowapiga mwaka sabini na nane," alimwambia.

"Nimeaibika, dada."

"Yule wa sabini na nane hayupo. Angekuwepo angekuwa anatafuta kioo ajitazame. Wewe upo, na una kilo mia na kumi. Yule kijana pale, akija kukushika hapo ulipo chini, unamfanyaje?"

Kifaru alifikiri. Akamwita kijana. Kijana alipoinama, mzee alimshika ukosi, akajilaza tu chali kwa uzito wake wote, na kijana akapaa juu yake akaangukia mgongo mita mbili nyuma. Halafu yule kijana, akiwa bado amelala, akasema, "Mzee, nifundishe hiyo."

Kutoka hapo kazi ikabadilika. Kwa siku tisa, marehemu aliupanga upya kila ugomvi uliokuwa kwenye mswada. Hakuna aliyeruka. Kifaru alipigana ameegemea ukuta. Wale ndugu wawili walipigana mgongo kwa mgongo, mmoja akipumua wakati mwingine anapiga. Adui akianza kumbembeleza, Waziri anazima kifaa chake cha sikio na kuendelea. Katikati ya pigano kubwa kuliko yote wazee watano wanaketi kwenye makochi ya hoteli kwa sekunde arobaini, wanahema, maadui wanawatazama hawajui la kufanya, kisha wanainuka na kuanza tena. Wale vijana watano hawakuwa tena migongo ya wazee. Walikuwa maadui wao, wenye sura na majina kwenye orodha ya waigizaji, na jambo hilo marehemu alilidai kwa maandishi. Meno kwenye supu yalifutwa.

Ni wakati huo pia ambapo Waziri aligundua jambo. Aliingia chumba cha mavazi akamkuta marehemu anashona kinga za viwiko na uzi hauingii tundu la sindano. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka kama jani. Alisimama mlangoni mpaka uzi ulipomshinda mara ya sita, akaenda akaichukua sindano, akamtungia.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mwaka jana. Ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Daktari anasema utakuja polepole, ila utakuja."

"Watoto wanajua?"

"Wanajua."

"Na mwongozaji?"

Marehemu aliipokea sindano akaendelea kushona. Waziri alikaa kwenye kiti cha pili. "Mimi ni mwoga, dada, wewe unajua," alisema. "Lakini hata mimi naona hili huwezi kulificha na huku unadai tusifichwe."

Asubuhi yake alikwenda mwenyewe kwa mwongozaji, na barua ya daktari mkononi. Kijana yule aliisoma mara mbili. Hakumfukuza. Alisema kwa upole kwamba watamwekea mkono ule mfukoni, au watampiga picha kutoka kushoto, hakuna atakayejua.

"Uonekane," marehemu alisema.

"Mama?"

"Mkono uonekane. Usiukwepe. Uweke katikati ya picha, utetemeke mpaka watu wakose raha, halafu nitaushika kwa huu mwingine, na nitapiga shabaha. Wakitaka kulia walie, lakini chupa nitakayoilenga mezani itapasuka."

Walioitazama filamu wanaijua picha ile. Wengi walidhani anaigiza.

Likabaki suala la ngazi. Mwishoni mwa filamu Bi Kishindo anamkumbatia kiongozi wa watekaji na kuporomoka naye kwenye ngazi za hoteli. Ofisa wa bima alikuja eneo la kazi na kabrasha lake na kusema kwamba haiwezekani: hakuna mwigizaji aliyezidi miaka sitini atakayeruhusiwa kuanguka kutoka kimo kinachozidi mita moja. Marehemu aliomba futi ya fundi seremala. Akapima kidato kimoja.

"Sentimita kumi na nane," alisema. "Kuna vidato ishirini na mbili. Basi mimi nitaanguka sentimita kumi na nane, mara ishirini na mbili."

Ofisa alifungua kabrasha. Akasoma mbele, akasoma nyuma. Akapiga simu ofisini kwake, akasoma kifungu kwa sauti, akanyamaza kusikiliza, akasema "ndiyo, nimemwambia" mara tatu. Mwisho alimuuliza marehemu kama daktari wa eneo la kazi anaweza kusimama chini ya ngazi. "Asimame," marehemu akamjibu, "mradi asiwe kwenye picha."

Alianguka mara moja tu, saa nane na nusu mchana, tarehe 21 Juni 2017. Kinga alizozishona zilifanya kazi yake kila mahali isipokuwa usoni, maana yule kijana aliyeporomoka naye, kwa hofu ya kumuumiza bibi, alikaza kiwiko. Wakafika chini. Marehemu alilala kidogo akitazama dari, akahesabu meno kwa ulimi, kisha akauliza, "Mmepata?" Mpiga kamera alijibu kuwa wamepata. "Basi mwinueni huyu mtoto, analia." Nusu saa baadaye ndipo ilipopigwa picha ya jalada.

Filamu ilianza kuonyeshwa Februari 2018. Gazeti moja liliandika kwamba ni wazee wanaojifanya vijana. Marehemu aliandika barua kwa mhariri, nayo ilichapishwa yote, kwa kuwa ilikuwa na sentensi mbili: "Hatujifanyi vijana. Ujana wetu tuliutumia wote, hatukubakisha." Watu waliikata wakaibandika kwenye milango ya friji. Kinyozi wa mtaani kwao anayo mpaka leo ukutani, juu ya kioo.

Ugonjwa ulikuja polepole kama daktari alivyosema, na ulimkuta si mtu wa kukubali kwa urahisi. Mwaka 2019 aliacha cherehani. Mwaka 2020 alianza kutumia kiti cha magurudumu kwa safari ndefu, na alikiendesha vibaya makusudi. Kliniki walimwonya kila alipokwenda: jambo la hatari kuliko yote kwa wagonjwa kama yeye ni kuanguka, kwa hiyo ajihadhari asianguke. Alivumilia maneno hayo karibu mwaka mzima. Siku moja alimkatiza muuguzi. "Binti yangu, sisi tutaanguka tu. Huu ugonjwa kazi yake ndiyo hiyo. Afadhali tujue namna."

Akaomba pawe na darasa la kuanguka, na uongozi wa kliniki ulikataa. Akaandika barua. Wakakataa tena. Akaenda mwenyewe, na mwalimu wa mazoezi ya viungo ambaye alikuwa ameshamshawishi, na wale vijana watano wa filamu wakabeba magodoro. Kuanzia Januari 2021, kila Jumanne saa nne asubuhi, chumba cha mazoezi kilijaa wagonjwa kumi na mmoja wakijifunza kuanguka kutoka kwenye kiti, kutoka kitandani, kutoka kwenye choo. Mwalimu mstaafu mwenye miaka themanini alianguka nyumbani mwezi uliofuata, akatoa pumzi, akakunja kidevu, akainuka na kupiga simu kumweleza marehemu kabla ya kuwapigia watoto wake. Darasa lile lipo mpaka sasa. Wanaketi safu ya tatu, na wamesema tukio la leo haliwazuii kukutana keshokutwa.

Alichokichukia sana ni kuzungumzwa juu ya kichwa chake. Daktari akimuuliza binti yake, "Anakula vizuri?" yeye alikuwa akijibu kutoka kwenye mto, "Yupo hapa, muulize." Hata sauti ilipokuwa imefifia mpaka mtu ainame kumsikia, aliwafanya wainame.

Katikati ya Agosti mwaka huu alipata nimonia. Alilazwa siku tisa, kisha akadai arudishwe nyumbani, na watoto wake, baada ya kubishana naye na kushindwa, walimrudisha. Jumapili, tarehe 3 Septemba 2023, asubuhi, binti yake alimbadilishia mto. Marehemu aliupapasa ukingo kwa kidole gumba. "Nani kaushona huu?" aliuliza. "Mshono umekwenda upogo." Binti alicheka, akaenda jikoni kumletea maji. Aliporudi, saa nne na dakika ishirini, mama yake alikuwa ameshaondoka. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne.

Marehemu ameacha binti mmoja na mkwe, mwana mmoja na mkwe, wajukuu watatu, ambao mmoja wao amekaripiwa leo asubuhi kwa kuruka ukuta wa makaburi, mdogo wake wa kike, mwanafunzi mwenzake wa ushonaji, Kifaru, Waziri, ndugu wawili wa pikipiki, vijana watano ambao sasa nao wana wanafunzi, na darasa la Jumanne.

Katika karatasi ya maagizo aliyomwandikisha mwanawe mwezi wa saba, alikataza mambo mawili. Tusiseme alipambana na ugonjwa kwa ushujaa: "Semeni nilikataa." Wala tusimwombee apumzike, kwa maelezo kwamba hajachoka. Familia imeheshimu. Kwa hiyo tunamwombea amani tu, amani nyingi, na mahali penye nafasi ya kutosha.